Rangi Tatu, Dawa Moja

Kama unatafuta maneno ya mtu aliyesamehe, kunja karatasi hii umpe mwingine. Mimi sijasamehe. Nimepona, ninakula, ninabeba mzigo wangu tena, macho yangu yamerudi kuwa meupe, lakini hasira yangu iko palepale, na ndiyo inayoshika kalamu. Ninakuandikia wewe uliye na kidonge mkononi sasa hivi, chekundu au cha njano, usichojua jina lake, na umeambiwa umeze tu.

Mimi ni Kahindo. Kambini wananiita Mama Esther, kwa jina la binti yangu. Vita ilitutoa Kiwanja, mimi na mume wangu Paluku na mtoto, tukafika Kanyaruchinya tukajenga kibanda cha bashi, yaani lile turubai jeupe la wakimbizi, juu ya mawe ya volkano. Unatandika nyasi, unatandika blanketi, na asubuhi mgongo unakukumbusha ulilala wapi. Kutwa nilikuwa nabeba magunia ya makala, yaani mkaa, kutoka Kibati mpaka sokoni Majengo, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama tunavyobeba wanawake wa huku. Ukishabeba hivyo wiki tatu, kichwa kinauma hata ukiwa umekaa. Wabebaji wote tulikuwa tunameza vidonge kabla ya kuondoka, kama wengine wanavyokunywa chai.

Vidonge tulinunua kwa Docta. Hakuwa daktari. Kule Kiwanja alikuwa na duka dogo la dawa, na siku risasi zilipofika alitoa vidonge vyote kwenye masanduku na karatasi zake, akavimwaga katika mifuko ya plastiki, kwa sababu masanduku yanajaza nafasi na mgongo wake ulikuwa mmoja. Majina ya dawa yakabaki sakafuni Kiwanja. Hapo simlaumu. Sisi wengine tuliacha hata picha za wazazi wetu.

Lakini kambini alivigawa kwenye makopo ya mayonezi kwa rangi, na rangi ikawa ndiyo jina. Vyeupe vya homa, vyekundu vya maumivu, vya njano vya mafua na uchovu. Hata alipoanza kuleta dawa mpya kutoka mjini, zikiwa ndani ya masanduku yake kabisa, aliyapasua akayatupa, akamwaga vidonge koponi, maana wateja tulishazoea. Tulisema, Docta, nipe mbili nyekundu, naye anakufungia kwenye karatasi ya daftari la shule. Alikuwa na sheria yake moja, na alipenda kuisema akiwa amevaa miwani: "Rangi moja usizidishe. Lakini rangi tofauti hazigombanaka."

Mvua zilipoanza nikashikwa na homa. Nilikwenda kituo cha afya cha kambi, nikapanga mstari tangu asubuhi, nikapewa vidonge vyeupe, viwili viwili mara tatu kwa siku, na nikaambiwa nirudi siku ya tatu wanipime malaria. Hawakuniuliza kama nyumbani nina dawa nyingine. Mimi nami sikusema. Njiani nikapita kwa Docta.

"Docta, kituo wamenipa hizi nyeupe. Naweza kunywa pamoja na zako?"

"Nyeupe ni ya homa, mama. Nyekundu ni ya maumivu. Homa na maumivu ni kitu moja?"

"Hapana."

"Basi! Kunywa zote. Na ya njano pia, sababu naona unapiga chafya."

Nikanywa zote. Asubuhi, saa sita, jioni, na homa ikipanda katikati naongeza. Chakula hakikupita, ila uji kidogo. Homa ilikuwa inashuka, mwili unakuwa mwepesi, nami nikamsifu Docta mbele ya watu. Siku ya tatu sikurudi kupimwa. Nilijiona nimepona, na mstari wa kituo niliuogopa kuliko malaria.

Jirani yangu alikuwa Mama Zawadi, mjane wa kutoka Masisi. Kibanda chake na changu vilitenganishwa na kamba ya nguo tu. Alikuwa mwanamke mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa. Jioni hiyo ya tatu aliniletea sombe, yale majani ya muhogo, na kipande cha ugali.

"Kula, jirani. Unakunywa dawa tumbo tupu sawa mutu anachomeka moto ndani ya nyungu haina maji."

Nilikula kidogo kwa kumheshimu. Asubuhi nikaanza kutapika. Nilitapika uji, nikatapika maji, nikatapika kitu cha kijani, na chini ya mbavu za kulia nikahisi kama mtu ameweka jiwe anakalia juu yake. Paluku akamwita Docta.

Docta alinifungua jicho kwa kidole gumba. Akaangalia, akafungua na la pili, akanyamaza. Kimya kile nilikuja kukielewa baadaye, na mpaka leo nikikikumbuka natamani kumkaba. Kisha akauliza, "Nani alimupikia?"

"Mama Zawadi," Paluku akasema.

"Basi muko na jibu. Macho imekuwa ya njano. Hii ni karuho."

Wewe ambaye si wa Kivu, karuho ni sumu ambayo watu wanasema jirani anakutilia ndani ya chakula kwa wivu, ukonde, ukauke, ufe polepole. Kwetu neno hilo likishatamkwa, hakuna tena kupima. Watu walijaa mlangoni. Mtu akaniuliza, Mama Esther, ni yeye? Na mimi, niliyekula naye chumvi moja, niliyelala hapo mate yananitoka, nilinyanyua mkono nikanyoosha kidole kuelekea kamba ya nguo.

Sikulazimishwa. Hilo nataka ulijue kabla ya mengine yote.

Walimpasulia bashi. Paluku ndiye aliyevuta wa kwanza. Sufuria yake waliikanyaga mpaka ikawa bapa, na yeye aliondoka na godoro mgongoni akipiga kelele, "Kahindo, sema! Kahindo, unanijua!" Sikusema kitu. Docta akanikamulia majani machungu ya kutapisha karuho, na kwa ajili ya maumivu akanipa vidonge viwili vyekundu. Nilivimeza mbele ya macho yake, naye akaniangalia nikimeza.

Siku mbili baadaye nilimwita Esther kwa jina la dada yangu aliyekufa zamani. Mtoto akalia. Paluku akakodi moto, yaani pikipiki, akanikalisha katikati yake na dereva, akanishika kama gunia ili nisianguke, tukashuka mpaka hospitali kubwa ya mjini.

Benchi la kungojea nalijua kila msumari. Tulikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anahesabu rozari, akifika mwisho ananiangalia, anaanza upya. Nilikojoa kwenye kopo walilonipa, ikatoka rangi ya kahawa nyeusi. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Ngozi iliniwasha mpaka nikajichuna mikono, na pete yangu ya ndoa ilidondoka yenyewe, Paluku akaiokota akaitia mfukoni.

Muuguzi aliyenipokea aliitwa Mama Béatrice, mwanamke mnene wa sauti ndogo. Paluku akamwambia ni karuho. Hakubishana naye.

"Sawa, papa. Rudi nyumbani, uniletee kila kitu alikula na kila kitu alikunywa. Hata karatasi tupu."

Wakati Paluku hayupo walinitundikia chupa ya kwanza ya maji ya mshipa. Alirudi na karatasi za daftari, ndani yake vimebaki vidonge vichache vya rangi zote tatu. Mama Béatrice akavipanga juu ya shuka yangu. Akageuza kila kimoja, akasoma alama zilizochongwa juu yake, akaenda kwenye kabati, akarudi na masanduku matatu matupu ya dawa, yale madogo ya karatasi, akaweka kila kidonge mbele ya sanduku lake.

"Mama, unajua kusoma?"

"Nilimaliza shule ya primaire."

"Basi soma. Hapa, maandishi madogo madogo."

Nilisoma sanduku la cheupe: paracetamol. Nilisoma la chekundu: paracetamol na kafeini. Nilisoma la cha njano: paracetamol na dawa ya mafua. Nikarudia, nikidhani macho yangu ya njano yananidanganya.

"Haukukunywa dawa tatu," Mama Béatrice akasema. "Ulikunywa dawa moja mara tatu, siku kwa siku, na tumbo tupu. Ini imechoka."

"Na karuho?" Paluku akauliza.

"Papa, karuho yenu ni hii hapa ndani ya sanduku."

Paluku alikaa chini sakafuni. Mimi nilisikia tena ile sauti ya Mama Zawadi, Kahindo, unanijua, nikageuza uso ukutani. Wakati ule sikujua kama nitaishi. Daktari naye hakujua, maana Paluku alipomuuliza alisema tu, tungoje chupa ya tano. Kila chupa ilipotundikwa niliitazama ikidondoka, nikaapa: nikitoka hapa, Docta atasema kwa kinywa chake, mbele ya watu walewale, kwamba ni dawa yake. Mama Zawadi atarudishiwa jina lake. Sikuomba kupona ili nimlee mtoto wangu, Mungu anisamehe. Niliomba kupona ili nimshike yule mtu.

Chupa ya tano ikaisha, ya sita ikaisha. Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amelazwa na mguu, alinimenyea machungwa akanitia mdomoni kipande kwa kipande. Mama Béatrice aliniosha kichwa siku ya Jumapili kwa maji ya moto, nywele zikabaki mkononi mwake, akazificha ili nisizione. Niliziona. Paluku alikuja, alikaa, aliondoka. Yeye alivuta bashi na mimi nilinyoosha kidole, na hakuna kati yetu aliyetaka kuanza. Esther peke yake ndiye aliyeuliza, "Mama Zawadi atarudi siku gani?"

Niliondoka hospitali mvua zimepungua. Mama Béatrice akanipa yale masanduku matatu. "Uyachunge," akasema. "Ukiwa na kidonge mbili na haujui jina, usimeze hata moja. Ukiona jina moja kwa masanduku mbili, chagua moja, ingine uache. Ufuate saa na hesabu zimeandikwa. Homa ikipita siku tatu, pimwa. Na uambie muganga wa kituo kila kitu ulikunywa, hata kama hajakuuliza."

Nilikaa mwezi mzima wa kiangazi nikijifunza kusimama. Siku niliyoweza kufika meza ya Docta bila kupumzika njiani, nilikwenda. Makopo yalikuwa palepale. Nikamwonyesha masanduku, nikamsomea neno lile mara tatu. Akavua miwani, akaipangusa.

"Mama Esther, Mungu alikusaidia. Mimi nilikimbia sawa wewe. Usiniharibie kazi."

Halafu, sikia jeuri hii, akafunga vidonge kwenye karatasi akanisukumia. "Chukua. Hii ni ya bure, ya pole."

Mkono wangu uliokuwa hauwezi hata kukamua nguo ungeweza kupindua meza ile. Sikuipindua. Kesho yake nilifunga masanduku matatu kwenye kamba yangu ya kubebea makala, nikaivaa shingoni, nikaweka kigoda mbele ya meza yake, nikakaa.

Kila aliyekuja nilimuuliza, "Unanunua nini?" Akisema nyekundu, nasema, "Muulize jina." Docta hana jina la kumpa. Siku moja alikuja mama mwenye mtoto mgongoni, ana vyeupe vya kituo mkononi, anataka na vyekundu. Nikamwonyesha masanduku, nikamwekea kidole chake kwenye neno, ya kwanza, ya pili. Akayatazama, akatazama vidonge, akaniambia, "Kumbe! Dada yangu alikunywa hizi zote juzi." Akaondoka mbio kumtafuta.

Watu wakaanza kupungua mezani. Nilihesabu kila aliyegeuka. Utasema nilikuwa natenda mema, na pengine ndiyo, lakini usinivike kanzu ya mtakatifu. Nilipomwona Docta anafuta vumbi kwenye makopo yaliyojaa, nilisikia utamu mdomoni, mimi ambaye tangu ugonjwa kila chakula kilikuwa majivu.

"Utaacha siku gani?" Paluku akaniuliza. "Watu wanacheka."

"Siku atasema."

Wiki ya tatu Docta akasalimu amri. Alikuja kwenye kigoda changu, akachuchumaa.

"Unataka nini? Nihame?"

"Ukihama utaenda kuua wengine. Nataka useme. Jumapili, baada ya misa, pale kwa tangi ya maji. Karibu na pale walipasua bashi."

"Nitakuambia wewe, hapa. Nilikosa."

"Ni mimi walinipasulia bashi?"

Jumapili alisimama kwenye tangi. Nilimchorea chini mwenyewe mstari wa kusimama. Alianza kuzungusha maneno, mara vita, mara shida ya dawa, nikapiga masanduku yangu kwa kiganja. "Karuho haikuwa," akasema. "Niliona macho yake, nikajua ni dawa zangu. Nikaogopa. Nikatafuta mutu wa kubeba."

Watu wakapandisha sauti, walewale waliokanyaga sufuria, na vijana wakainama kuokota mawe, na mawe kwetu hayatafutwi mbali. Docta alinitazama mimi. Nitakuambia ukweli: nilikaa nikimwangalia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Ilikuwa nzuri ile hofu yake. Kisha nikanyanyuka.

"Muache! Mukimupiga atapata kitanda ya hospitali. Mimi namutakia barabara."

Nilikuwa nimeshajua Mama Zawadi aliko, wachuuzi wa makala walinieleza: Mugunga, ng'ambo ya pili ya mji, kwenye kambi ya barabara ya Sake. Paluku akatoa bashi mpya tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya mvua, waliokanyaga wakaleta sufuria, mwingine unga, mwingine makala. Nikavifunga vyote katika gunia moja, nikamfunga Docta kamba yangu kwenye paji la uso. Kulipokucha Jumatatu tukaondoka kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na masanduku yangu shingoni kwa uzi mwingine.

Tulipofika Majengo alikuwa anayumba.

"Mama Esther, tupumzike. Kichwa inanipasuka."

"Meza nyekundu," nikamwambia.

Hatukupumzika.

Mama Zawadi alikuwa amekaa mbele ya kibanda cha vipande vya magunia, anachambua maharage. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Hakusimama. Docta akatua mzigo, na mimi nikawaita majirani, njooni na watoto, njooni msikie. Docta akasema yote tena, na safari hii hakuzungusha. Nilikuwa nimesimama nimejishika kiuno, nimeshiba. Nilifikiri huo ndio mwisho wa kazi yangu.

Mama Zawadi alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua sufuria, akaigonga chini kusikia kama ni nzima. Halafu akanigeukia.

"Huyu amesema yake. Na ule mwenye kidole?"

"Mama Zawadi, nilikuwa mugonjwa..."

"Macho ilikuwa mugonjwa. Kidole ilikuwa muzima. Sema."

Nikasema. Niliwaambia majirani wake kwamba alinipa sombe na mimi nikampa karuho, kwamba aliita jina langu na nilikuwa na sauti ya kujibu, sikujibu. Nililia, na hakuna aliyenipa mkono. Docta alikuwa ananiangalia, anajipapasa paji la uso.

Mama Zawadi aliniacha nimalize. "Umesema na sauti ndogo," akasema. "Na Mama Neema wa pale ameenda kuchota maji, hajasikia. Rudi Jumapili."

Nilirudi Jumapili. Mama Neema alisikia. Mama Zawadi akasema bado kuna wale wa mstari wa nyuma. Nimeshatembea mara sita Kanyaruchinya mpaka Mugunga, na kila mara kuna mtu ambaye hajasikia. Sijamwomba anisamehe, kwa sababu mimi pia nilikataa kumpa mtu kitu hicho. Docta sasa anauza dawa ndani ya masanduku yake, na wateja wanamwambia asome jina kwa sauti. Bado napita kuhakikisha.

Jumapili iliyopita nilimwambia Mama Zawadi kwamba ninaandika habari hizi, ili wenye vidonge visivyo na jina wasije wakafika nilikofika. Akauliza kama nimeandika na ile ya kidole.

"Nimeandika."

Akasogeza kapu la maharage pembeni, akapanguza mikono. "Basi soma," akasema, na akaanza kuwaita majirani.